Msitu Mdogo wa Landless

Mji wa Thika una mitaa mingi, lakini hakuna jina la mtaa linalowashangaza wageni kama la mtaa wetu. Ukitoka mjini kwa barabara iendayo Garissa, hufiki mbali kabla ya kuwasikia makondakta wa matatu wakilitamka kwa sauti: Landless! Ni neno la Kiingereza lenye maana ya watu wasio na ardhi. Mgeni huuliza, je, watu hujengaje nyumba, hufugaje kuku na hugombaniaje mipaka mahali ambapo jina lenyewe lakana kuwapo kwa ardhi? Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Letu halijang'ara. Hata hivyo, sisi wenyeji tumelizoea kiasi kwamba hatuisikii tena maana yake. Mimi niliisikia upya nilipoanza kujiuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: je, mtu asiye na ardhi aweza kuwa na msitu?

Nauliza kwa sababu mimi ninao. Usifikiri, msomaji, kwamba nazungumzia msitu wa kupotelea. Ni eneo la karibu robo ekari, yaani viwanja viwili vya futi 50 kwa 100 vilivyoungana, nyuma ya nyumba ya nyanya yangu. Mwaka juzi niliihesabu miti iliyokomaa nikapata 61: migrevilea 22, ambayo sisi Wakikuyu huiita mikima, mikinduri 13, miringaringa 7, mikaratusi 14 iliyopangwa kando ya mpaka, miparachichi 3, mjakaranda mmoja, na mkuyu mmoja wa aina ya mugumo, ambao haukupandwa na mtu. Huo ulijiotea wenyewe juu ya tawi la mkinduri, mbegu yake ikiwa imeletwa na ndege, na sasa umeteremsha mizizi yake hadi ardhini, ukimkumbatia mwenyeji wake kwa namna ambayo siku moja itamuua. Majirani hupaita mahali hapo kichaka. Nyanya hupaita benki. Mimi, kwa kuwa ni mwanafunzi wa fasihi na nimezoea kukuza mambo, hupaita msitu.

Nyanya hakuirithi ardhi hiyo. Alikuwa mchumaji wa kahawa, akilipwa kwa debe, katika enzi ambayo mibuni ilitanda baina ya Ruiru na Thika mtu asione mwisho wake. Miaka ya 1970, watu wasio na ardhi walipokuwa wakijiunga katika vyama na kampuni za kununulia mashamba, yeye na wanawake wenzake waliweka akiba pamoja, wakanunua hisa, wakapiga kura ya kugawana viwanja. Yeye alikuwa mjane mwenye watoto watano. Alipoipata sehemu yake, ilikuwa tupu kabisa. Katika mashamba ya kahawa migrevilea hupandwa ili kuipa mibuni kivuli, na chini yake miche hujiotea bila kutunzwa na mtu. Nyanya alikuwa akiing'oa miche hiyo, akiifunga katika majani ya mgomba, na kurudi nayo jioni, miwili leo, mitatu kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Nami niliupataje msitu huo? Kwa desturi yetu, mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa sababu hiyo nyanya huniita mume wangu, na baba zangu wadogo, wanapotaka kunitania au kunituma, huniita baba. Nilipomaliza shahada ya kwanza, nyanya alinitembeza katika miti ile, akaniambia: "Mume wangu, shamba hili ni la watoto wangu wote. Lakini miti ni yako. Uitunze." Nilidhani ni maneno ya mapenzi tu ya mzee. Sheria ninayoijua haimtenganishi mti na udongo unaousimamisha. Mwenye hati ndiye mwenye vyote.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa darasa la uzamili, mwenyeji wa Kilifi. Nilipomsimulia habari hiyo alicheka, akasema: "Ndugu yangu, hayo kwetu si mageni. Pwani mtu aweza kuwa na mnazi na asiwe na ardhi uliposimama mnazi huo." Akanieleza jinsi minazi na mikorosho inavyoweza kurithiwa, kukodishwa na kuuzwa peke yake, na jinsi familia nyingi za huko zilivyoishi vizazi kadhaa zikiwa na miti, ilhali ardhi ilikuwa kwa jina la mtu mwingine. Basi nikafahamu kwamba kauli ya nyanya ilikuwa na mizizi mirefu kuliko nilivyodhani. Mimi ni mkazi wa Landless kwa maana kamili ya neno hilo. Sina ardhi. Nina miti.

Ukiwa na miti huna budi kuwa na majira, na hapo ndipo lugha yetu ilinitatiza. Majina ya majira tunayofundishwa shuleni, yaani masika, kipupwe, vuli na kiangazi, yalikulia pwani, mahali ambapo mwaka huendeshwa na pepo mbili, kaskazi na kusi, na ambapo mabaharia waliyahesabu majira kwa safari za majahazi. Thika iko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hakuna jahazi. Wazee wetu waliyahesabu majira kwa mimea: mvua ndefu ni mvua ya njahi, na mvua fupi ni mvua ya mwere, neno ambalo ni ndugu wa uwele wa Kiswahili. Baina yake kuna gathano, majira ya baridi na manyunyu. Nimejifunza kuyatumia majina yote bila kuona haya, kwani msitu wangu hupata mvua ile ile kwa Kiswahili na kwa Kikuyu.

Masika huanza kwa kelele. Mwishoni mwa Machi mvua ya kwanza inapolowesha udongo, kumbikumbi hutoka ardhini jioni kama moshi, na kuku, ndege na watoto wa mtaa mzima huingia msituni kwa pamoja. Mikinduri huvaa majani mapya yenye rangi mbili, kijani juu na fedha chini, hata upepo ukivuma mti mzima hugeuka rangi. Huu ndio wakati wa kupanda miche, na ndio wakati ambao siwezi kukaa nje kusoma, maana majani huendelea kudondosha maji saa nzima baada ya mvua kwisha. Nyanya husema kwamba msitu hunyeshewa mara mbili, mara moja na Mungu na mara ya pili na miti.

Kisha huja gathano, kuanzia Juni hadi Agosti. Wenzangu wa pwani wanapokuja kututembelea wakati huo hudhani wamefika nchi nyingine. Ukungu hukaa baina ya mashina hadi saa nne asubuhi, na jua huweza kukosekana siku tatu mfululizo. Kwa wengi haya ni majira ya kulalamika. Kwangu ndiyo majira ya kazi. Miti haikui kwa kasi, magugu hayanisumbui, na kazi iliyopo ni kupogoa matawi ya chini ya migrevilea, ambayo huvumilia kukatwa kuliko mti wowote niujuao. Matawi hayo ndiyo kuni zetu za mwaka. Jioni tunapochemsha githeri kwa kuni hizo, huwa najua kila kipande kimetoka mti gani.

Vuli kwetu huanza kabla ya mvua yenyewe. Mnamo Septemba na Oktoba mjakaranda humwaga maua ya zambarau, na alfajiri husikika ndege mmoja ambaye wazee husema ndiye anayeiita mvua: sauti tatu zinazoshuka, tena na tena, bila kuchoka. Sijawahi kumwona vizuri. Mvua ikifika Novemba hunyamaza. Migrevilea inapochanua, maua yake ya rangi ya dhahabu huwaita chozi, ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, ambao huzozana kutwa nzima kana kwamba nao walipigiwa kura ya viwanja.

Kiangazi cha Januari na Februari ndicho majira ya wageni. Majani ya migrevilea hudondoka kwa wingi, yakatandika zulia la kijivu linalotatarika chini ya miguu. Mama mmoja jirani huja na gunia kuyakusanya kwa ajili ya zizi la ng'ombe wake. Vibarua wa ujenzi huja saa saba mchana kulala kivulini. Wanafunzi wa sekondari huja na vitabu vyao. Ijumaa alasiri kuna wanawake watatu huja kusali, kila mmoja chini ya mti wake. Hakuna kati yao aliyewahi kuomba ruhusa, wala nyanya hakuwahi kuwatazamia waiombe. Huwasalimu tu, akawauliza habari za nyumbani.

Msomaji aweza kufikiri kwamba nasimulia habari za peponi. La. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipokamilika mwaka 2012, ardhi ya huku ilibadilika maana. Ruiru ambayo sensa ya mwaka 2009 iliihesabia takriban watu 239,000 ilikuwa na takriban watu 490,000 katika sensa ya mwaka 2019. Mibuni iling'olewa, mji mpya wa Tatu City, karibu na Ruiru, umejengwa juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa. Wimbi hilo lilifika Landless pia. Kila kiwanja kilichokuwa na mhindi kikaota nyumba za kupangisha, chumba kwa chumba, ghorofa juu ya ghorofa. Wapangaji ni watu halisi wenye haja halisi ya kulala mahali. Siwezi kuwalaumu, wala siwezi kuwalaumu waliowajengea.

Agosti ya mwaka juzi wimbi lilifika mlangoni petu. Binti wa baba yangu mdogo alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na karo haikuwapo. Dalali mmoja alikuwa tayari kununua sehemu yote yenye miti. Tulikutana sebuleni kwa nyanya, ndugu wote, na baba mdogo akalitua jambo mbele yetu bila kuzunguka. "Mtoto hatasoma kwa kivuli," alisema. Kisha akanigeukia, nusu kwa mzaha na nusu kwa uchungu: "Baba, wewe ndiwe mwenye miti. Hebu tuamulie."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja. Nilikuwa tayari kuwaambia kwamba Katiba ya mwaka 2010 imeagiza taifa lilenge kufunika angalau asilimia 10 ya nchi kwa miti. Kwamba kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zimemtaka kila mkulima atenge asilimia hiyo hiyo katika shamba lake. Kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inautambua msitu wa kibinafsi sambamba na wa umma na wa jamii. Nilitaka kumtaja Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akasimama kuitetea Karura, na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Hoja hizo zote ni za kweli. Lakini nilipomtazama binamu yangu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango akiichezea ncha ya kitenge chake, niliona kwamba hakuna hata moja iliyolipa karo.

Nyanya ndiye aliyesema. "Miti hii imewasomesha nyote watano," aliwaambia wanawe. "Nilipokuwa nikiuza kuni na mbao, hakuna aliyeniuliza kwa nini nakata. Na nilipokuwa nikipanda, hakuna aliyenisaidia. Ardhi siuzi. Mume wangu, tuonyeshe mti unaoweza kukatwa."

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini alikuwa akipaita benki. Sisi wasomi tuna tabia ya kuuona msitu kama kitu cha kuhifadhiwa tu au kuangamizwa tu. Yeye alikuwa ameupanga tangu mwanzo kama mtu apangavyo akiba: migrevilea kwa mbao na kuni, miringaringa kwa samani za vizazi vijavyo, miparachichi kwa mboga ya kila siku, mugumo kwa heshima, na mikaratusi ya mpakani kwa siku ya dhiki. Mkaratusi si mti wa asili ya huku. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe magarimoshi ya Reli ya Uganda, na tangu hapo umesifiwa kwa kukua haraka na kulaumiwa kwa kunywa maji mengi. Nyanya hakuupenda wala kuuchukia. Aliupanda mbali na kisima, akaungoja.

Tuliikata yote 14. Iliuzwa kama nguzo za ujenzi, kwa mnunuzi aliyekuwa na vibali vya kuisafirisha, na karo ya mwaka wa kwanza ikapatikana. Siku mbili sauti ya msumeno ilijaza mtaa. Ilipokwisha, upande wa mpakani ulikuwa na mwanga mwingi mno, na ghorofa za majirani zikatutazama kana kwamba tumevuliwa nguo. Mugumo ulibaki. Fundi wa msumeno, kijana asiyenifahamu, aliuzunguka bila kuambiwa. Thika ni mji wenye kumbukumbu hiyo. Husimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa wageni ungekoma siku mugumo fulani wa hapa utakapoanguka, na kwamba wakoloni waliuzungushia chuma wasiuache uanguke. Ulianguka mwaka 1963, na mwaka huo huo bendera yao ikateremshwa. Walowezi nao walikuwa na miti yao ya kukumbukwa: mwaka 1959 Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikuja hapa kuanzisha shamba la kahawa, alikipa kitabu cha utoto wake jina la miti ya Thika yenye maua mekundu. Katika fasihi ya mji huu, ukitaka kujua ardhi ilikuwa ya nani, uliza ni mti gani uliotajwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari neno kumiliki. Ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na lina harufu ya hati, mihuri na mahakama. Kiswahili cha kila siku hakilihitaji sana. Tunaposema nina msitu, twasema kwa hakika kwamba mimi ni pamoja na msitu. Ni kuwa na, si kushika. Tena tuna mwenye, na karibu yake tuna mwenyeji. Mwenye ndiye anayeulizwa bei. Mwenyeji ndiye anayebishiwa hodi. Nyanya ana hati, kwa hiyo ni mwenye kwa mujibu wa sheria, lakini miaka yote hiyo ameishi na miti yake kama mwenyeji, akiwapokea mama wa gunia, vibarua, wanafunzi, waombaji, chozi na kumbikumbi. Alichonigawia mimi ni uenyeji huo. Hakuna ofisi ya ardhi inayoweza kuusajili, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna hati ya kuulinda.

Sijidanganyi kuhusu jambo hilo. Nyanya ana umri wa miaka 84. Ardhi itakapogawanywa, watoto wake watano watapata kila mmoja kipande ambacho hakitatosha hata kivuli cha mringaringa mmoja, na kila mmoja atakuwa na mtoto wa kusomesha. Hati itakuwa na majina yao, si langu. Naweza kuwa na miti 47 leo na nisiwe na hata mmoja baada ya matanga. Mwenzangu wa Kilifi aliponiuliza kwa nini basi najisumbua kuotesha miche ya miringaringa katika pakiti tupu za maziwa, nilimjibu kwamba kwao pia watu wamepanda minazi katika ardhi isiyo yao, na nazi zimeliwa.

Mkaratusi ukikatwa haufi. Miezi michache baada ya msumeno, kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi kadhaa, yakisongamana na kunyang'anyana nafasi. Ili yawe miti, sharti mtu achague mawili au matatu yaliyo imara kwenye kila kisiki, na kuyaondoa mengine. Kazi hiyo nilikuwa nimepanga kuifanya peke yangu Desemba iliyopita. Nilipotoka nje asubuhi na panga, nilimkuta binamu yangu, aliyekuwa amerudi kwa likizo, amekwisha kufika kisiki cha tatu. Alikuwa ameinama, akiyapima machipukizi kwa viganja kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Hakuniuliza ni yapi ya kubakiza. Nilianzia upande wa pili wa mpaka, na saa sita mchana tulikutana katikati.